Mkataba wa Maji wa Dar es Salaam na Dhima ya Waliouandika

Tarehe 1 Juni 2005, kampuni ya City Water Services, iliyokuwa imekabidhiwa kazi ya kuwauzia maji wakazi wa Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10, na ambayo ilikuwa haijatimiza hata miaka 2 kazini, ilinyang'anywa ofisi zake, daftari zake na usimamizi wa wafanyakazi wake, na wakubwa wake watatu waliotoka ng'ambo wakatolewa nchini kwa amri ya serikali. Wenye kuwasikitikia mjini walikuwa wachache, na sababu ya kutosikitika walikuwa nayo, kwa kuwa katika mitaa mingi koki zilikuwa kavu kama zilivyokuwa kabla ya kampuni hiyo kuja, na bili ilibisha hodi hata pale ambapo maji hayakubisha. Walakini miaka mitatu baadaye, wasuluhishi watatu wa kimataifa walipotoa hukumu yao juu ya kisa hiki, walisema mambo mawili ambayo aghalabu hayasemwi kwa pumzi moja: kwamba kampuni ile ilikuwa imekwisha kuharibikiwa kwa taksiri zake yenyewe, na kwamba serikali nayo ilivunja sheria kwa jinsi ilivyoifukuza. Hukumu ya namna hiyo inastahili kusomwa na kila mtu anayelipia maji, kwa sababu inatuonyesha mahali ambapo uwajibikaji wa kampuni huanzia, nako ni mbali na mahali ambapo wengi wetu tumezoea kuutafuta.

Kwa desturi ya watu wa pwani, kumnyima mtu maji ya kunywa ni aibu ambayo hata hasimu huiogopa. Visima vya misikiti viliwekwa wakfu, wapita njia wakanywa bila ya kuulizwa wametoka wapi, na Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888, alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji na kuwafikishia wenyeji wa mjini bila ya malipo. Tanzania huru ilirithi moyo huo ikautia katika siasa yake. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 ambao madhumuni yake yalikuwa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, gharama ikibebwa na hazina. Mwaka 1991 ulipowadia, mpango ulikuwa haujafika popote karibu na lengo lake, pampu nyingi zilikuwa zimekufa kwa kukosa mafuta na vipuri, na sera mpya ya maji ya mwaka huo huo ikaanza kuwataka watumiaji wachangie. Sayyid aliweza kutoa bure kwa sababu alikuwa na mfuko wake na mji wake ulikuwa mdogo. Dola maskini yenye mamilioni ya watu, ikiwa haina mfuko wa kujaza tena kile kinachochotwa, hugawa maji leo na kutu kesho.

Dar es Salaam ilikuwa na ugonjwa wake wa peke yake. Maji ya mji hutoka hasa katika mto Ruvu, kwa mitambo miwili, wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959 na wa Ruvu Chini uliojengwa mwaka 1976, na sehemu ndogo hutoka Mtoni. Mitambo hiyo ilikadiriwa kwa mji uliokuwa mdogo mara nyingi kuliko huu. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu wapatao milioni 2.5, na mabomba yaliyokuwa yakivuja tangu utoto wa wazee wao yaliendelea kuvuja. Zaidi ya nusu ya maji yaliyosafishwa hayakuleta hata senti: mengine yalimwagika ardhini, mengine yaliibwa kwa mikono ya vishoka, yaani wale mafundi wa usiku wanaounganisha bomba bila dira wala jina kwenye daftari, na mengine yalifika kwa wateja waliotambulika vizuri kabisa lakini wasiolipa, serikali yenyewe ikiwa miongoni mwao. Mamlaka ya maji ya mji, DAWASA, iliyoundwa mwaka 1997, ilikuwa inadai kila mtu na inadaiwa na kila mtu.

Ndipo wakopeshaji wakaja na tiba yao. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilikubali kutoa zaidi ya dola milioni 140 za kufufua mabomba, na kumkabidhi mwendeshaji binafsi maji ya Dar es Salaam kukawa miongoni mwa masharti ambayo Tanzania ilitakiwa kuyatimiza ilipokuwa ikiomba kupunguziwa madeni. Fedha za msaada wa Uingereza zililipia hata wimbo wa kuwaeleza wananchi baraka za ubinafsishaji. Wimbo ulipigwa na watu wakausikia. Vifungu vya mkataba havikuimbwa na mtu, wala havikubandikwa mahali ambapo mlipa bili angeweza kuvisoma.

Hapa ndipo penye kiini cha habari, na nawaomba wasomaji tusipapite mbio. Makampuni kadhaa ya ng'ambo yalipimwa na kuonekana yanafaa kushindania kazi hiyo, lakini siku ya kupeleka zabuni ilipofika, mshindani aliyetokea alikuwa mmoja tu, nao ni ubia wa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Shindano lenye mkimbiaji mmoja lina mshindi, hilo halikanushiki, bali halimwambii mtazamaji kitu juu ya mbio zake. Zabuni ina kazi mbili: ya kwanza ni kushusha bei, na ya pili, ambayo ni kubwa zaidi ijapokuwa husahauliwa, ni kuzifichua hesabu za kila mmoja kwa kuzilinganisha na za mwenzake. Pakiwa na hesabu moja mezani, nani atajua kama makisio ya makusanyo ni ya kweli au ni ndoto? Wale waliokaa pembeni, ambao walikuwa wazoefu wa biashara hiyo, huenda walikwisha kuzisoma dalili. Kukaa kwao pembeni peke yake kulikuwa ni habari. Serikali ingeweza kusimama na kuanza upya. Lakini mkopo ulikuwa ukingoja, sharti lilikuwa likingoja, na mwezi Februari mwaka 2003 mkataba ukatiwa sahihi. Ubia ule wa kigeni ulichukua asilimia 51 ya hisa za City Water, na asilimia 49 zikachukuliwa na Super Doll, kampuni ya hapa nchini. Kazi ilianza tarehe 1 Agosti mwaka huo.

Mkataba wenyewe ulikuwa wa kukodisha. Mabomba, mitambo na matangi yalibaki kuwa mali ya DAWASA, mfano wa mwenye nyumba, na City Water ilikuwa mpangaji anayeruhusiwa kufanya biashara ndani ya nyumba hiyo kwa sharti la kulipa kodi kila mwezi na kuitunza asiibomoe. Kila shilingi iliyolipwa na mteja ilikuwa na wenyewe zaidi ya mmoja: sehemu moja ilikuwa ya mwendeshaji kwa gharama na faida yake, sehemu nyingine ilikuwa ya DAWASA, na sehemu ndogo iliwekwa kando kuwa mfuko wa kuwaunganishia maji kwa mara ya kwanza wale ambao hawakuwa na uwezo wa kulipia bomba. Fauka ya hayo, upande wa wageni ulipewa pia mikataba ya kununua vifaa na kufunga mitambo kwa fedha za mkopo, hata ikawa wakubwa wale wale waliopaswa kuendesha mabomba wakawa pia wakandarasi wa kuyatengeneza.

Nataka kukaa kidogo juu ya mfuko ule wa wanyonge, kwa kuwa ndipo panapopimwa uwajibikaji. Siku hizi makampuni makubwa yana idara nzima za uwajibikaji kwa jamii, nazo huchimba kisima shuleni, hugawa madawati, na picha hupigwa mkurugenzi akimkabidhi mwalimu mkuu hundi ya karatasi iliyo kubwa kuliko mlango. Sina ugomvi na madawati. Lakini hiyo ni ihsani, na mtoa ihsani ndiye anayechagua lini atoe, kiasi gani, na mbele ya kamera ipi. Fungu la mfuko wa kuunganisha maji halikuwa ihsani ya mtu. Lilikuwa amana iliyokwisha kulipwa na wateja wengine wa mji, ikapitia mkononi mwa kampuni ili ifike kwa mwenye haki. City Water haikuifikisha amana hiyo ipasavyo, na tangu katikati ya mwaka 2004 iliacha pia kulipa kikamilifu kodi iliyokuwa ikidaiwa na DAWASA. Kampuni ya maji inayochelewesha amana ya mnyonge, hata ikigawa madawati elfu, haijawajibika kwa lolote.

Kwa nini haikulipa? Si lazima kudhani wizi, maana mambo yalikuwa ya kusikitisha zaidi kuliko wizi. Makisio ya zabuni yalikuwa yametazamia makusanyo ambayo hayakuonekana kamwe, daftari la wateja lilikuwa limejaa majina yasiyo na nyumba na nyumba zisizo na majina, na kampuni iliyoajiriwa kwa sifa ya kujua kukusanya ikakusanya pungufu hata kuliko DAWASA iliyotangulia. Hasara iliingia mapema, wenye hisa wakasita kuongeza mtaji, na kampuni ikaomba bei ipandishwe na mkataba ujadiliwe upya. Majadiliano yalifanyika, yakavunjika. Katika muda huo wote, mdhibiti ambaye angeweza kuziita pande mbili na kuzipekua hesabu zao hadharani hakuwapo kazini: sheria ya kuunda EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilikuwa imepitishwa tangu mwaka 2001, lakini chombo chenyewe kilianza kazi mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya kampuni kwisha kuondolewa. Aliyepanga mambo hayo kwa utaratibu huo, mwendeshaji kwanza na mdhibiti baadaye, sijui alitumaini nini.

Tarehe 13 Mei 2005 Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, Edward Lowassa, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba mkataba umevunjwa. DAWASA ilikuwa na sababu za haki za kuuvunja. Hilo halina tashwishi kubwa. Walakini mkataba ulikuwa na ngazi zake za kushukia, yaani notisi, muda wa kungoja, na namna ya kukabidhiana, na ngazi hizo zilikuwa hazijamalizika serikali ilipoamua kuruka. Kampuni iliondolewa nafuu yake ya kodi ya ongezeko la thamani, wafanyakazi wakahutubiwa dhidi ya mwajiri wao, na tarehe 1 Juni ofisi zikachukuliwa na wakubwa wakasindikizwa hadi kwenye ndege. Uchaguzi mkuu ulikuwa mwaka huo huo, na hatua kali dhidi ya mgeni asiyependwa ni kitu kinachopendeza macho wakati wa uchaguzi.

Madai yakaenda kwenye mabaraza mawili. Baraza la kwanza lilihusu mkataba wenyewe, kati ya DAWASA na City Water, na uamuzi uliotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2008 uliipa DAWASA haki, City Water ikaamriwa kulipa pauni zinazokaribia milioni 3 pamoja na gharama. Ushindi mtamu, ingawa mdaiwa alikuwa kampuni iliyoundwa kwa kazi hiyo moja tu, ambayo kazi yenyewe ilikuwa imekwisha. Baraza la pili lilikuwa zito zaidi. Biwater Gauff iliishtaki Jamhuri ya Muungano wa Tanzania mbele ya Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, kwa kutegemea mapatano ya kulinda vitega uchumi ambayo Tanzania na Uingereza zilitiliana sahihi mwaka 1994, ikataka fidia ya mamilioni ya dola. Kituo hicho, kwa taarifa ya msomaji, ni mmoja wa jamaa wa Benki ya Dunia, ile ile iliyokopesha fedha na kuhimiza mwendeshaji binafsi apewe kazi. Wasuluhishi ni watu huru na sina neno juu yao, lakini mlipa kodi wa Kariakoo akiona kwamba mshauri, mkopeshaji na mwenye nyumba ya hukumu wote wana ukoo mmoja, asilaumiwe kwa kukuna kichwa.

Hukumu ilitolewa tarehe 24 Julai 2008. Serikali ilipatikana na makosa kwa kutwaa biashara ya watu kabla ya utaratibu kutimia, kwa kutowatendea kwa insafu, kwa kuchukua hatua zisizo na sababu ya haki, na kwa kutowapa ulinzi walioahidiwa katika mapatano. Kisha wasuluhishi wakageukia fidia, na hapo mlalamikaji akaondoka mikono mitupu, kwa kuwa walipopima thamani ya City Water ilivyokuwa siku ya kutwaliwa, waliona haikuwa na thamani yoyote: zabuni ilikuwa imepangwa vibaya, uongozi ulikuwa dhaifu, na kampuni ingeanguka tu hata kama serikali ingekaa kimya ikinywa kahawa. Haikuamriwa kulipwa hata senti moja, na kila upande ukabeba gharama zake wenyewe za mawakili, ambazo katika mabaraza ya namna ile si haba.

Kuna jambo katika kesi hiyo ambalo halikutajwa sana katika magazeti yetu. Mashirika matano, matatu ya Tanzania, yaani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, timu ya wanasheria wa mazingira LEAT, na Mtandao wa Jinsia TGNP, pamoja na mawili ya ng'ambo, yaliomba kusikilizwa, kwa hoja kwamba ugomvi juu ya maji ya mji mzima si siri ya watu wawili. Mwaka 2007 yaliruhusiwa kupeleka maoni kwa maandishi. Hayakuruhusiwa kuziona nyaraka za kesi wala kuketi barazani. Hata hivyo maandishi yao yalisomwa, na ndani yake mlikuwa na hoja ambayo naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote zilizosemwa: kwamba mwekezaji anayeingia katika huduma ambayo uhai wa watu unaitegemea anachukua pia dhima ya kuzichunguza hesabu zake kwa uangalifu kabla ya kuahidi, wala hawezi kuahidi kwa papara kisha akaja kudai ulinzi wa sheria dhidi ya matokeo ya papara yake. Dhima hiyo ilikuwa ya Biwater. Kwa kipimo kile kile, ilikuwa pia ya serikali iliyotia sahihi, na ya benki zilizosimama nyuma yake zikihimiza.

Baada ya City Water ikaja DAWASCO, shirika la umma, likapewa mabomba yale yale, wateja wale wale, na wengi wa wafanyakazi wale wale. Waliodhani kwamba maji yatatiririka kwa sababu mwenye ofisi sasa ni mzalendo walijifunza kwamba bomba halijui uraia. Vishoka hawakustaafu. Taasisi za serikali ziliendelea kuwa wadaiwa sugu wa maji, na shirika la umma, tofauti na kampuni, huona muhali kumkatia maji bwana wake. Mambo yaliyoleta nafuu ya kweli yalikuwa ya polepole na yasiyo na shangwe: mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu ikapanuliwa, dira zikafungwa, EWURA ikaanza kuchapisha kila mwaka taarifa za utendaji za mamlaka za maji, nani amepoteza maji kiasi gani na nani amekusanya kiasi gani, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akawa akiyataja mashirika kwa majina katika taarifa zinazofikishwa Bungeni. Mwaka 2018 DAWASCO na DAWASA zikaunganishwa kuwa chombo kimoja. Mpangaji na mwenye nyumba wakawa mtu mmoja, jambo lililopunguza ugomvi, ijapokuwa limepunguza pia idadi ya watu wenye sababu ya kuchunguzana.

Ruvu ilipopungua mwishoni mwa mwaka 2022 na mgao ukarudi, maswali ya mwaka 2003 yalirudi pamoja nao kwa sura nyingine: mtaa upi unapata maji siku ipi, ratiba imepangwa na nani kwa kipimo gani, na mtu akirukwa zamu yake analalamika wapi. Ratiba ya mgao ni karatasi moja tu, lakini utawala bora wote wa sekta ya maji umo ndani yake, na mkazi wa mtaa huisoma kwa makini kuliko mkataba wowote.

Leo bei ya maji haipandishwi kwa majadiliano ya faragha kama yale yaliyovunjika mwaka 2005. Mamlaka ya maji hupeleka maombi kwa EWURA, na EWURA huitisha mkutano wa taftishi, ambapo hesabu hufunguliwa, Baraza la Ushauri la Watumiaji husema kwa niaba ya wateja, na mwananchi yeyote anaweza kusimama akauliza. Ni maendeleo makubwa, wala si ya kubezwa. Ila ukiitazama hadhira utaona kwamba wengi ni watu wenye bili, na swali lao ni la bei ya yuniti, yaani lita 1,000. Mama anayenunua maji kwa mkokoteni huko pembezoni mwa mji hana bili, kwa hiyo si mteja, na jina lake halimo katika daftari lolote linalojadiliwa. Akinunua dumu la lita 20 kwa shilingi 100 tu, yuniti moja inamgharimu shilingi 5,000, nazo hulipwa taslimu, bila ya mdhibiti, bila ya taftishi, na bila ya risiti. Mfuko wa kumuunganisha yeye uliandikwa katika mkataba wa mwaka 2003, na katika mkutano ujao wa taftishi mtu mwenye bili anaweza kusimama kwa niaba yake na kuuliza mwaka huu umewekewa kiasi gani, na umeunganisha nyumba ngapi.